Lugha Niliyoicheka

Kabla sijawa mwandishi wa habari nilisoma sayansi ya kompyuta, hapahapa Dar es Salaam. Mengi nimeyasahau tangu nihitimu, lakini kuna sentensi moja niliyoisema mwaka wa pili ambayo haijanitoka. Tulikuwa watano, tumepewa kazi ya kikundi: kutengeneza mfumo wa kuazimisha vitabu. Mwenzetu mmoja, kijana mpole kutoka Kigoma, akasema anaijua PHP, alijifundisha mwenyewe intaneti kafe. Nikacheka. Nikamwambia, "Hiyo nayo ni lugha?" Na wengine wakacheka.

Ukweli ni kwamba PHP yenyewe sikuijua. Nilichojua ni kuidharau tu. Nilikuwa najifunza Haskell, miezi miwili hivi, na pamoja na lugha nilikuwa nimeokota maringo ya baadhi ya wenyewe: nani wa kumsifu, nani wa kumcheka.

Haskell ilinivutia kwa sababu nzuri lakini. Fikiria kamati ya harusi inajumlisha michango. Mhasibu wa kwanza ana daftari: anaandika sifuri, anapita jina kwa jina, anafuta jumla ya zamani na kuandika mpya. Hiyo ndiyo njia ya amri, hatua kwa hatua, ya lugha kama Fortran na C. Wa pili anamfungulia kila mchangiaji kadi yake, kadi inayojua mwenyewe kaahidi nini na kalipa nini. Ukitaka habari unaiuliza kadi. Ndivyo Java inavyopenda. Wa tatu hafuti kitu. Anasema tu: jumla ni vyote vilivyolipwa vikiwekwa pamoja, basi. Haskell ni huyo wa tatu. Nilipomwelewa nilijiona kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba aliyeko dirisha jingine haoni kitu. John Backus, aliyeongoza timu ya IBM iliyotoa Fortran mwaka 1957, alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1977. Katika mhadhara wake, badala ya kujisifu, akaukosoa mtindo uleule wa amri na kupendekeza programu ziandikwe kwa namna inayokaribia ya yule mhasibu wa tatu. Nikiwa mwanafunzi nilishangilia: mnaona? Hata mwenye Fortran yuko upande wetu! Leo naisoma habari hiyo tofauti. Backus alikosoa nyumba aliyoshiriki kuijenga. Mimi nilikuwa naikosoa nyumba ya jirani, na yangu haijafika hata msingi.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunaijua tabia hii. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa penyewe, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, pamoja na ushairi wake wote, kikabaki lahaja. Huenda ilibidi kuchagua. Lakini tangu hapo mtoto anaweza kusahihishwa maneno ya bibi yake, kana kwamba bibi alikosea. Na sisi wa kompyuta ndivyo tulivyo: tunachagua chombo kwa sababu ya kazi, halafu tunakigeuza kipimo cha watu.

Yule mwenzetu alihama kikundi. Siku ya kuwasilisha, mfumo wake ulifanya kazi: unaazima, unarudisha, unaona nani kachelewa. Wetu ulikuwa na maelezo mazuri ajabu, ila haukuweza kuhifadhi jina la msomaji hata mmoja.

Mwaka jana nilikwenda mkoani kuandika habari za zahanati moja. Nikaonyeshwa mfumo wao wa kuhesabu dawa, na aliyeutengeneza akaitwa anieleze. Alikuwa yeye. Bado anaandika PHP, lugha ileile inayoendesha Wikipedia ya Kiswahili ninayoifungua karibu kila siku kazini. Tulipobaki wawili nikamwomba radhi. Nilitegemea aseme yalishapita. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kuicheka PHP hakukuniuma sana, ndugu yangu. Ila tangu siku ile mpaka namaliza chuo, sikuuliza tena swali mbele ya watu."

Sikuwa na la kujibu. Kazi yangu leo ni kuuliza maswali, nalipwa kwa hiyo. Na nilikuwa nimemnyima mtu maswali yake kwa sababu ya lugha ambayo hata sikuijua.

Baadaye, tukisubiri gari, akaniuliza kama Haskell niliimaliza. Nikamwambia hapana, niliishia njiani.

"Basi nionyeshe ulipoishia," akasema, akafungua kompyuta yake mapajani.

Nikaanza na ile kamati ya harusi.