Pumzi ya Injini

Kila chenye nguvu duniani huvuta pumzi. Moto huvuta pumzi, mnyama huvuta pumzi, na injini ya gari, ijapokuwa ni chuma kitupu, haifanyi kazi ila kwa kuvuta hewa. Watu wengi hudhani kuwa nguvu ya gari hutoka katika petroli peke yake. Petroli ni chakula tu, na chakula hakimfai mtu aliyekabwa koo. Kwa kila sehemu 1 ya petroli injini hutaka sehemu zipatazo 15 za hewa kwa uzito. Kwa hiyo swali la gari la mbio, tangu lilipoanza kuulizwa, limekuwa moja: hewa nyingi itapatikanaje?

Majibu yake ni mawili. Jibu la kwanza ni la injini ivutayo pumzi yake yenyewe. Pistoni ishukapo huacha nafasi tupu katika silinda, na uzito wa anga huisukuma hewa ndani kuijaza nafasi hiyo. Injini ya lita 2 izungukayo mara 6,000 kwa dakika humeza lita zipatazo 6,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Atakaye nguvu zaidi hana budi kupanua silinda au kuongeza mizunguko. Jibu la pili ni la tabo. Moshi utokao katika injini una joto na mwendo. Badala ya kuuacha upotee, mafundi huupitisha katika kigurudumu kidogo chenye mapezi, nacho huzunguka kwa kasi ya ajabu, mara zaidi ya 100,000 kwa dakika, kikigeuza kigurudumu cha pili kinachoshindilia hewa mpya ndani ya silinda. Mwanzilishi wa shauri hili alikuwa Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliyelipatia hataza mwaka 1905.

Mimi si fundi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na umri wangu umepita miaka arobaini bila ya mkono wangu kushika spana ila kumpa mwenziwe. Msomaji akiniuliza nimeingiaje katika habari hizi, nitamjibu kwamba niliingizwa na ndugu yangu, tena kwa ugomvi.

Tulizaliwa Mbingu, katika bonde la Kilombero, mahali ambapo jina lake huwafanya wageni watabasamu. Upande mmoja ipo milima ya Udzungwa, upande mwingine yapo mabonde ya mpunga yanayoteremka kuelekea mtoni. Wakati wa utoto wetu barabara ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba ilikuwa ya udongo, na masika yalipoingia lori lililokwama lilikuwa sherehe ya watoto. Lakini reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, haikujua tope. Treni ilipita na mzigo wake kwenda Mlimba, na kutoka Mlimba ilianza kupanda milima kwenda Makambako. Mdogo wangu alikuwa akisimama kando ya reli akisikiliza. Mimi nilisikia kishindo tu. Yeye alisikia filimbi nyembamba ndani ya kishindo, akasema injini inapumua. Miaka mingi baadaye, alipokwisha kuwa fundi mwenye gereji yake Ifakara, aliniambia kuwa filimbi ile ilikuwa ya tabo.

Baba alituachia shamba la mpunga kwa majina yetu wawili. Mwaka juzi mdogo wangu alinitaka shauri tuliuze, naye kwa fungu lake anunue gari la mashindano. Alilitaka Subaru Impreza lenye tabo, la lita 2 na nguvu za farasi 250. Nilifadhaika. Nilimwandikia barua ndefu kwa simu, kama waandikavyo watu wenye shahada, nikaipanga kwa hoja tatu.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya kukawia. Tabo haiwezi kusukuma mpaka moshi uwe mwingi, na moshi hauwi mwingi mpaka injini ichangamke. Kwa hiyo dereva akanyagapo mafuta, hungoja, kisha nguvu humjia kwa ghafula. Hoja ya pili ilikuwa ya joto. Hewa ishindiliwapo hupata moto. Hewa ya moto huleta mlipuko usio wakati wake ndani ya silinda. Kwa hiyo gari la tabo huhitaji kipoza hewa, rejeta nzuri na oili safi, na katika mbio za kuzunguka pasipo kupumzika joto hilo hujilimbikiza mzunguko kwa mzunguko. Hoja ya tatu sikuitoa katika kitabu chochote bali katika moyo wangu. Nilimwandikia kuwa injini isiyo na tabo ni kama mtu mwaminifu: mguu wako unapotaka kidogo hukupa kidogo, unapotaka kingi hukupa kingi, bali nguvu ya tabo ni nguvu ya kusukumwa, na nguvu ya kusukumwa ni ya bandia. Nikamshauri, ikiwa hana budi kununua, atafute Toyota Altezza isiyo na tabo, ambayo kwa lita 2 zile zile hutoa nguvu za farasi 210 ikizungushwa mara 7,600 kwa dakika.

Hakunijibu kwa muda wa majuma matatu. Katika majuma hayo nilisoma habari za mbio ili nimshinde kabisa atakaponijibu. Nilichokipata hakikunisaidia kama nilivyotumaini.

Nilitazama kwanza Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alizishinda mara tano, na mara nne za mwisho, tangu 1979 hata 1982, alishinda mfululizo kwa Datsun isiyo na tabo. Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda kwa Opel isiyo na tabo, na Audi yenye tabo ikaja ya pili. Mpaka hapo nilifurahi. Lakini mwaka 1984 Björn Waldegård alikuja na Toyota Celica yenye tabo akashinda. Na mwaka 1985 na 1986 gari la namna ile lilishinda tena. Mbio hizo ziliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, gari lililoshinda lilikuwa na tabo.

Kisha nilitazama mbio za viwanjani, mahali ambapo gari huzunguka njia moja ya lami. Mwaka 1977 Renault walipeleka Silverstone, Uingereza, gari la Formula 1 lenye injini ya lita 1 na nusu yenye tabo, kushindana na magari ya lita 3 yasiyo nayo. Lilikuwa likiharibika na kutoa moshi hata wenye mzaha wakaliita birika la chai. Lakini mwaka 1979 Jean-Pierre Jabouille alishinda Dijon, Ufaransa, kwa gari jingine la Renault lenye tabo. Na kabla ya ushindi huo palikuwa na ishara iliyotokea katika Afrika: katika uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini, mwaka huo huo wa 1979, dereva huyo alikuwa wa kwanza katika majaribio ya kupanga nafasi. Mwaka 1980 na 1982 Renault walishinda mbio zenyewe huko. Sababu ni kwamba Kyalami ipo juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,500. Huko anga ni jepesi. Injini ivutayo pumzi yake hupungukiwa na nguvu kwa kadiri ya sehemu 1 katika 10 kwa kila mita 1,000 ipandazo. Bali tabo huongeza bidii, ikafidia sehemu kubwa ya upungufu ule. Formula 1 waliikataza tabo kuanzia mwaka 1989, kisha wakairudisha mwaka 2014.

Hapo nilianza kuona kuwa hoja zangu zilikuwa za kweli zote mbili za kwanza, lakini zilikuwa kweli za mtu wa bondeni. Ifakara haifiki mita 300 juu ya bahari. Hewa yake ni nzito, na injini yoyote hupumua kwa raha. Aliyezaliwa penye hewa tele ni mwepesi wa kumdharau anayehitaji kusaidiwa kupumua.

Jibu la mdogo wangu lilipokuja lilikuwa fupi: "Kaka, njoo Morogoro Jumamosi. Usilete barua."

Nilimkuta katika uwanja wa udongo ulioshindiliwa, nje ya mji, ambao wapenzi wa magari waliukodi kwa siku moja. Njia ilikuwa na kona tisa, na mahali pamoja tu pa kunyoosha. Rafiki zake walikuwa na Altezza moja na Impreza moja, nao kwa ukarimu usionistahili waliniruhusu kuyajaribu yote mawili, mzunguko kwa mzunguko, mdogo wangu akiwa kando yangu.

Altezza lilinipa heshima. Nilipokosea liliniambia mapema. Nilipoachia mafuta lilitulia, nilipokanyaga lilikwenda, wala hapakuwa na kingojeo baina ya mguu na gurudumu. Nilitoka nikijiona dereva. Impreza lilinifedhehesha. Katika kona ya nne nilikanyaga, nikaona haliendi, nikakanyaga zaidi. Na nguvu ilipofika, ilifika yote pamoja, hali nimekwisha kugeuza usukani kupita kiasi. Tulizunguka kama pia tukasimama tukitazama tulikotoka. Vumbi lilipotua, nilimwambia, "Umeona? Ndiyo niliyokuandikia."

Hakusema neno. Tulibadilishana viti. Alipoendesha yeye, nilistaajabu kuona anakanyaga mafuta mahali ambapo mimi ningekanyaga breki. Alianza kukanyaga kabla ya kona kwisha, kidogo kidogo, hata nguvu ilipokuja ilimkuta amekwisha kulinyosha gari, nalo likaruka mbele kama lililokuwa likingoja ruhusa. Saa ya mpima muda ilionyesha kuwa amelipita lile Altezza, aliloliendesha yeye mwenyewe asubuhi, kwa sekunde 2. Hata hivyo, baada ya mizunguko sita mfululizo alisimama akaliacha gari lipoe, akasema kwamba joto lile nililoandika ni la kweli, na kwamba anayeanza kujifunza hana budi kuanza na gari lisilo na tabo, kwa kuwa gari la tabo huyafunika makosa ya dereva mahali pa kunyoosha na kuyafichua penye kona.

Tulikaa chini ya mwembe. Nilidhani mjadala umekwisha kwa sare. Ndipo aliposema, akitazama chini:

"Kaka, hoja zako mbili nimezikubali. Ya tatu ilinikalia vibaya. Tabo haitengenezi nguvu ya uongo. Inaokota moshi ambao injini ingeutupa, inaugeuza kazi. Mwaka ule baba alipofariki, ada ilikuwa ya mtoto mmoja. Ulikwenda sekondari wewe, nikabaki shambani mimi. Mpunga ule ndio uliokusukuma mpaka ukaitwa daktari. Mimi sikulaumu, na sijutii. Lakini usiniambie mimi kwamba nguvu ya kusukumwa ni nguvu ya bandia."

Nimefundisha ufasaha kwa miaka mingi, lakini siku ile sikupata neno. Nilikuwa najua kwamba alibaki shambani. Sikuwa nimepata kuliweka jambo hilo mahali pake. Nilikuwa nikijihesabu kuwa nilipanda kwa pumzi yangu mwenyewe, kwa kukesha na kusoma, na kwamba yeye alikuwa fundi kwa sababu alipenda chuma. Huenda alipenda chuma. Lakini hakuna aliyemwuliza kama alipenda na vitabu.

Na sasa, msomaji, ukitaka hukumu yangu juu ya magari, nitakupa kama nilivyoiona. Kwa mwanafunzi, kwa njia fupi yenye kona nyingi, na kwa nchi ya chini, chagua injini ivutayo pumzi yake, maana itakufundisha adabu na haitakugharimu sana. Kwa mahali pa kunyoosha parefu, kwa nchi ya juu kama Iringa au Nairobi, na kwa mtu aliyekwisha kujifunza kukadiria kukawia kwake, chagua tabo, mradi umwekee akiba ya kumpoza. Injini zote mbili hula hewa ile ile. Moja huipokea kutoka angani, na nyingine huipokea angani kwa msaada wa kazi iliyokwisha kufanywa. Sioni tena katika hizo iliyo halali kuliko mwenziwe.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mwezi uliofuata nilipanda treni hadi Mbingu. Mpunga ulikuwa umeanza kuchanua, na maji yalikuwa yamesimama katika majaruba. Nilikwenda katika ofisi ya kijiji pamoja na mdogo wangu na mashahidi wawili, nikaomba jina langu liondolewe katika shamba la baba, libaki jina lake peke yake. Mtendaji aliniuliza mara mbili kama ninajua nitendalo. Mdogo wangu alinikataza, kisha akanyamaza, kisha akatoka nje kana kwamba ameitwa.

Hajaliuza shamba hata leo, wala hajanunua gari. Huenda atauza, huenda hatauza. Sijamwuliza, kwa kuwa si langu tena. Jioni ile tuliposimama stesheni kungoja treni, iliyochelewa sana, hatukusema mengi. Ilipokuja hatimaye kutoka upande wa Mlimba, nilitega sikio kama alivyokuwa akitega yeye utotoni, na kwa mara ya kwanza niliisikia ile filimbi nyembamba ndani ya kishindo.