Kuikata ni kuipanda

Mdogo wangu alikimbia vita toka hapa Uvira. Leo yuko Marekani, anatunza matangi ya kioo ya maji ya chumvi ndani ya nyumba za watu, yenye samaki na matumbawe. Mshahara huo unasomesha watoto wetu, kwa hiyo adui wa kazi yake namjua: aiptasia.

Ni anemoni ndogo ya rangi ya kahawia, mfano wa mnazi mdogo. Huingia imejificha kwenye mawe, kisha huchoma matumbawe kwa sumu. Nilimuuliza kwa nini asiikwangue kwa kisu. Akanijibu: «Yaya, kuikata ni kuipanda.» Kipande kidogo cha mguu kikibaki, kinaota ingine.

Yeye anaifunika pale pale kwa uji mzito wa chokaa, ao anaweka berghia, konokono asiye na gamba ambaye chakula chake ni aiptasia tu. Tena anapunguza chakula cha samaki, maana mabaki ndiyo yanaishibisha.

Ziwa letu Tanganyika si la chumvi, aiptasia haiishi humo. Lakini familia zilizohama zenye kuchimba mabwawa ya samaki zinajua magugu-maji. Nayo yalitoka Amerika ya Kusini, yakapendwa kwa maua. Kwenye mto Kongo yako tangu miaka ya 1950. Chipukizi moja linatosha kuzaa tena. Yakiwa bado machache, tuyang'oe mazima, tuyakaushe mbali na maji. Tusiyatupe mtoni: chini kuna bwawa la jirani.