Jina Letu Lilichukuliwa Tukingali Tunachanga

Juma hili hatuandiki juu ya bei ya unga wala karo ya watoto. Tunaandika juu ya jina. Tumekubaliana kulisimulia jambo hili kwa sababu lilikaribia kutuvunja, na kwa sababu vyama vingine vya wamama vimeanza kutuuliza namna ya kupata jina kwenye intaneti.

Mnatujua: ni sisi tunaoshona mifuko na tabliye za vitenge hapa Katuba, Lubumbashi. Mama mmoja wa Kolwezi anayenunulia hoteli alituambia hivi: "Kazi yenu naipenda, lakini watu wengi wananiandikia kwa anwani za bure wakijifanya ni ninyi. Nitajuaje?" Alitaka barua zetu zitoke kwenye anwani yenye jina la chama chetu.

Jina la namna hiyo wataalamu wanaliita domeni. Ni lile linaloishia na .com, na .org, au na .cd, ambayo ni alama ya nchi yetu tangu 1997, Zaire ilipobadilika kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Domeni hainunuliwi mara moja ikawa yako milele. Unailipia kwa mwaka, kupitia kampuni inayoitwa msajili, na mwaka ukiisha unalipa tena.

Binti wa mwenzetu mmoja, anayesomea kompyuta, alikaa nasi na simu yake. Akaandika jina letu kwenye ukurasa wa msajili aliyetangaza bei rahisi kuliko wote. Jibu likaja: jina liko wazi. Pamoja na sanduku la barua, tungelipa dola 48 kwa mwaka. Tulipiga vigelegele. Lakini zamu ya likelemba ilikuwa imeshatolewa, sanduku lilikuwa tupu. Tukasema tuchange polepole. Kila Jumamosi binti aliangalia tena palepale kama jina bado lipo, nasi tukasema Mungu ni mwema, lipo.

Jumamosi ya nne halikuwepo. Lilikuwa limeshaandikishwa na mtu asiyejulikana, na lilikuwa linauzwa kwa dola 900.

Hapo ndipo ubaya ulipoingia nyumbani mwetu. Nani alijua jina hilo? Sisi tu, na yule binti. Mmoja akanong'ona kwamba mtoto amemuuzia rafiki yake. Mwingine akasema mbona ana viatu vipya. Mama yake alilia mbele yetu, akachukua cherehani yake, akaenda. Majuma mawili hakuja kazini. Tunaandika hili kwa aibu, lakini tunaandika.

Mwalimu mmoja wa kompyuta ndiye aliyetufungua macho. Alituuliza swali moja: "Mlipotafuta jina, mlitafutia wapi?" Akatuambia kwamba kutafuta jina kwenye ukurasa wa muuzaji ni sawa na kumwonyesha muuzaji moyo wako. Wamama wa sokoni tunajua jambo hilo. Ukisimama mbele ya kitenge, ukakishika, ukaondoka, ukarudi kesho ukakishika tena, mwenye duka ameshajua bei yako. Na sisi tulirudi kukishika Jumamosi nne.

Desturi hiyo mbaya, ya mtu kuona jina unalolitafuta kisha akawahi kuliandikisha kabla yako, si hadithi ya juzi. Mwezi wa 10 mwaka 2007, kamati ya usalama ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, ilitoa onyo juu yake. Mwezi wa 1 mwaka 2008 ikajulikana kwamba kampuni kubwa ya Marekani, Network Solutions, ilikuwa inayaandikisha yenyewe majina ambayo watu waliyatafuta kwake. Kwa siku nne jina lilifungwa: ukilitaka, ulilazimika kulinunua kwake tu. Kampuni ilisema inawalinda wateja. Watu wengi walikasirika, na jambo likafika mahakamani. Iliwezekana kwa sababu msajili aliweza kulirudisha jina ndani ya siku tano bila hasara. Baadaye ICANN ilibadilisha kanuni, na msajili anayerudisha majina mengi mno akaanza kupoteza pesa. Mchezo ule ukapungua sana.

Je, ndivyo tulivyofanyiwa sisi? Hatuna ushahidi. Pengine msajili yule hana kosa, na mtu wa mbali aliwaza jina lilelile. Pengine mmoja wetu alilitaja kwenye basi. Lakini juu ya yule binti pia hatukuwa na ushahidi, hata hivyo tulimhukumu. Ndipo tukaenda wote, jioni, tukakaa kwenye mkeka wa mama yake, tukaomba msamaha. Cherehani imerudi. Na yule binti ndiye aliyetuongoza mara ya pili.

Haya ndiyo tuliyofanya safari hiyo, nanyi mkiona yanafaa, myachukue.

Kwanza, tulichanga kabla ya kutafuta. Jina lilichaguliwa kwa mdomo, ndani ya chumba, na pesa zilikuwa mezani. Tukatafuta mara moja, tukalipa saa ileile. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa ni kweli kabisa.

Pili, hatukutafutia popote tu. ICANN ina ukurasa wake wa kuuliza kama jina lina mwenyewe. Wao hawauzi majina, kwa hiyo tulianzia hapo. Ile .cd ina kanuni zake za nchi; anayeitaka aulize kwa msajili aliyeruhusiwa kuiuza.

Tatu, tulimchunguza msajili. ICANN ina orodha ya wasajili iliowapa ruhusa, tukahakikisha jina lake limo. Tukauliza bei ya mwaka wa pili, maana wengine wanakuvuta kwa dola moja, halafu mwaka unaofuata wanapandisha. Tukauliza kama tunaweza kuhama. Kwa .com, msajili anapaswa kukupa namba ya siri ya kuhamia ndani ya siku tano ukiiomba, ingawa siku 60 za mwanzo kwa kawaida huwezi kuondoka. Anayejibu maswali haya kwa kuzungukazunguka, mwache.

Nne, jina limeandikwa kwa chama, si kwa mtoto wa fulani wala kwa fundi. Anwani ya mawasiliano inasomwa na wamama wawili, na neno la siri limo kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sanduku la chama lenye funguo tatu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tano, tumeandika tarehe ya kulipa kwenye buku la michango. Msajili wa .com anatakiwa kukukumbusha mwezi mmoja hivi kabla, na tena juma moja hivi kabla; lakini barua isiyosomwa haimkumbushi mtu. Wapo wanaovizia majina yaliyosahauliwa na wenyewe.

Zile dola 900 hatukulipa. Tuliongeza neno Katuba kwenye jina letu, nalo lilikuwa wazi. Mwanzoni tuliliona refu, lakini mama wa Kolwezi alipopokea barua yetu ya kwanza alisema: "Sasa najua mnakotoka." Ameagiza tabliye 40.

Jina la zamani bado linauzwa. Mara mojamoja mmoja wetu analitaja kwa uchungu. Kisha anageuka kuona kama mama wa yule binti amesikia, na mazungumzo yanarudi kwenye sindano na uzi. Wamama, jina tulipata jingine. Mwenzetu hatungempata mwingine.

Mwenye swali atukute Alhamisi mahali petu pa kushonea. Binti atakuwepo, naye sasa tunamlipa kwa kazi yake.