Waipa za Upepo katika Motokaa ya Babu

Motokaa zote tuzionazo leo hapa Nyamongo hufuta mvua kwa waipa za umeme, na kwa hiyo si rahisi mwanafunzi kujua kwamba zamani ziko zilizofuta mvua kwa nguvu ya hewa. Nyumbani kwetu tunayo moja. Ni Ford Anglia 100E, aina iliyoundwa Uingereza kati ya 1953 na 1959, ambayo marehemu babu aliinunua kuukuu, na sasa imo mikononi mwa baba mdogo. Napenda kuwaeleza wasomaji jinsi waipa zake zilivyogeuzwa kuwa za umeme, na ubishi uliotokea kabla ya kazi hiyo kufanyika.

Nguvu ya hewa hupatikana hivi. Pistoni inaposhuka ndani ya silinda huvuta hewa kupitia kabureta. Dereva asipokanyaga mafuta, kijilango cha kabureta huwa karibu kufungwa. Hewa haiingii kwa wingi, na ndani ya bomba la kuingizia hewa huwa na ombwe, yaani upungufu wa hewa. Mpira mwembamba hutoka kwenye bomba hilo mpaka kwenye kijisanduku cha waipa. Ndani ya kijisanduku mna kibao. Ombwe huwa upande mmoja, na hewa ya kawaida husukuma kutoka upande wa pili. Kibao huenda na kurudi, na waipa huenda na kurudi pamoja nacho. Ufundi huu ulikuwa wa akili sana, maana haukuhitaji mota wala kula nguvu ya betri.

Lakini una kasoro moja kubwa. Dereva akikanyaga mafuta ili apande mlima, kijilango cha kabureta hufunguka, hewa huingia tele, na ombwe hupotea. Hapo waipa hulegea, na pengine husimama kabisa. Akiteremka, huanza kupiga mbio bila sababu. Madereva wa zamani walikuwa na dawa yao: katikati ya mlima waliachia mafuta kidogo, waipa zikapiga mara mbili tatu, kisha wakakanyaga tena. Kwetu sisi tatizo linazidi kidogo. Ziwa Victoria liko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Nyamongo iko juu zaidi ya ziwa. Mkandamizo wa hewa hapa ni pungufu kuliko wa pwani kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi, na hewa ndiyo inayosukuma kile kibao.

Usiku mmoja wa masika jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa, na baba mdogo akaombwa ampeleke hospitali Tarime. Mimi nilikaa mbele. Mvua ilikuwa kubwa mno. Kila tulipopanda kilima waipa zilisimama, nami nilitoa mkono dirishani nikafuta kioo kwa kitambaa. Katika kilima kimoja lori lilitutokea ghafula mbele, na taa zake zikafanya maji yote ya kioo yawe meupe. Baba mdogo alisimamisha motokaa pembeni, akangoja. Mama yule nyuma alikuwa akilia, wala hatukuweza kwenda mbele. Kwa rehema ya Mungu tulifika, na mtoto akazaliwa salama.

Kesho yake nilimwambia, "Baba mdogo, tuweke waipa za umeme." Akakataa. Akasema, "Mwanangu, motokaa hii ni ya marehemu. Tukianza kubadilisha waipa leo, kesho tutabadilisha injini, na keshokutwa haitakuwa yake tena." Neno lake halikuwa la kipuuzi. Kitu cha urithi kina heshima yake, na mafundi wengi wameharibu vitu vizuri kwa haraka ya kuvitengeneza.

Basi nilimweleza habari za motokaa nyingine. Lotus Elan ya Uingereza, iliyotoka 1962, ilikuwa na taa za mbele zilizofichwa na kuinuliwa kwa ombwe. Chevrolet Corvette ya Marekani ilifuata kuanzia 1968, nayo ikifungua taa zake kwa ombwe. Mipira inapozeeka na kupasuka, ombwe huvuja na taa hukosa nguvu ya kufunguka au kukaa sawasawa. Marekani iliweka kanuni iliyoanza 1969, kwamba taa za kufichwa zikishafunguka ni lazima zibaki wazi hata nguvu ikikatika. Siku hizi wenye motokaa hizo, nao huzipenda kama sisi tunavyoipenda yetu, wengi wao huziwekea mota za umeme.

Baba mdogo alisikiliza, lakini aliyekata shauri ni bibi. Alisema, "Mume wangu aliinunua motokaa hii ili afike, hakuinunua ili aitazame."

Tulikwenda kwa fundi mmoja wa sokoni ambaye kila siku hutengeneza mota za makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Kabla ya kushika spana aliuliza, "Mzee, bodi ya gari hii imefungwa chanya au hasi?" Motokaa nyingi za Uingereza za miaka ile zilifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, za siku hizi hufungwa ncha hasi. Mota tuliyopata ilitoka katika gari dogo la Kijapani. Ingeunganishwa bila kufikiri, ingezunguka kinyume, au ganda lake lingegusa bodi na kuleta shoti. Kwa hiyo fundi aliitenga na bodi kwa vipande vya mpira, akaipa nyaya zake mbili na fyuzi yake.

Tena alipiga hesabu ya umeme. Taa kubwa mbili za wati 45 kila moja ni wati 90. Ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea 7.5. Mota ya waipa ilipopimwa ilikula ampea 3. Akaridhika kwamba dinamo ya zamani itaweza. Mwisho aliziba kwa skrubu ya shaba tundu la ule mpira wa ombwe, maana likiachwa wazi hewa huingia na injini hutetemeka. Hakutoboa bodi hata mahali pamoja, na kijisanduku cha zamani tukakifunga katika kitambaa tukakiweka.

Sasa waipa hupiga sawasawa, tukipanda au tukiteremka. Nimejifunza kwamba chombo cha kumwonyesha dereva njia hakifai kutegemea nguvu ambayo hupungua wakati ule ule kazi inapokuwa nzito. Nimejifunza pia kwamba urithi unaweza kutengenezwa bila kuharibiwa, ikiwa fundi atauliza kwanza.

Baba mdogo amekubali kukileta kijisanduku hicho shuleni muhula ujao. Wanafunzi wenzangu wanaosoma fizikia watakiona na kukifungua, mradi tu wakirudishe kizima.