Niliwakataza Dawa ya Meno

Wazazi mlionunua dukani kwangu hapa Litein nilipokuwa nikisema dawa ya meno yenye floraidi ni sumu, niliwakosea. Niliyasema kwa yakini, kisha nikawauzia ile isiyo na floraidi, ambayo ni ghali zaidi. Msimu wa bonasi ya chai ndipo nilipouza nyingi.

Hofu yangu ilikuwa na chanzo. Nina jamaa waliokulia upande wa Naivasha, meno yao ni ya kahawia, mengine yamechimbika. Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano yakabeba floraidi nyingi. Mtoto akiyanywa miaka ile meno ya kudumu yanapojengeka ndani ya ufizi, madoa yake hayatoki kwa mswaki. Kuchemsha hakusaidii, maana maji hupungua na floraidi hubaki.

Nilichokosea ni hesabu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Nikasoma kwenye boksi la dawa ya meno sehemu 1,450 kwa milioni, nikaona ni karibu mara elfu moja, nikaanza kuwatangazia watu. Sikuwaza kwamba maji hunywewa kwa lita, na dawa hutemwa. Dawa ya ukubwa wa punje ya minji, kama robo gramu, haina hata nusu miligramu ya floraidi. Tena wengi wetu huku hunywa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati, ambayo karibu hayana floraidi. Watoto wanaokunywa chai ya sukari asubuhi na jioni ndio niliowanyima kinga ya floraidi dhidi ya kuoza kwa meno.

Mama mmoja aliniletea mtoto wake, shavu limevimba, magego mawili yameoza. Alikuwa amenisikiliza kuliko wote. Nilimwomba radhi, lakini gego la kudumu likishang'olewa halioti tena, na hilo linaniuma hadi leo.

Aliye chini ya miaka mitatu mpakieni kiasi cha punje ya mchele; wa mitatu hadi sita, punje ya minji, na mfundisheni kutema. Aliyelelewa kwa maji ya kisima cha Nakuru au Naivasha, mwambieni daktari wa meno. Na mwenye tyubu niliyomuuzia aje nayo, nitambadilishia bila malipo.