Viungo vya Kizazi Chetu, Unga wa Kizazi Chenu

Sisi tuliolelewa Unguja zamani tulijua viungo vikiwa vizima. Mama zetu walirudi kutoka soko la Darajani na pilipili manga, uzile, giligilani na magome ya mdalasini. Walivipepeta kwenye ungo, wakaokota vijiti na mawe, wakavianika, kisha wakatwanga vya kutosha mapishi machache. Punje yenye ukungu ilionekana, ikatupwa.

Wanetu na wajukuu wetu wananunua unga. Siwalaumu. Kazi zinawatoa nyumbani alfajiri, na vyumba vya kupanga havina ua wa kutwangia. Lakini pilipili iliyokaushwa chini walikopita kuku na ile iliyoanikwa kwenye chanja safi, zikishasagwa hutazitofautisha. Kisha unga hukaa wazi kutwa nzima, ukingoja vumbi, inzi na mikono ya kila mtu.

Wazee wetu waliamini kikavu hakiharibiki. Vijana mmesoma, mnajua kwamba ukavu hauui vijidudu vyote. Salmonela huweza kuishi miezi mingi ndani ya unga mkavu. Bakteria aitwaye Bacillus cereus hujifungia katika spora zinazoweza kustahimili mchemko. Pilau ikilala nje ya jokofu, spora hizo huamka, bakteria huzaana, na sumu yao ya kutapisha haiondoki kwa kupasha kiporo. Sumukuvu, inayotokana na ukungu wa mazao yasiyokaushwa vizuri, nayo haimalizwi na moto wa jikoni. Na ile pilipili ya unga tunayomnyunyizia mtoto kwenye embe bichi haipiti motoni kabisa.

Hata hivyo, siwaambii mrudi kwenye kinu. Blenda inatosha: nunueni viungo vizima, vichambueni, msage kidogo kidogo, mhifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Msichote kwa kijiko chenye maji, wala msinyunyize juu ya sufuria inayofuka mvuke.

Mkilazimika kununua unga, mwulizeni muuzaji ulisagwa lini na wapi. Asiyefunika bidhaa yake, mpiteni, tena mwambieni sababu. Ninyi ndio wateja wa leo, na muuzaji hujifunza upesi kwa mteja aliyempita. Kizazi kilichosoma kuhusu vijidudu hakina udhuru wa kuwalisha watoto wake unga ambao hakijui asili yake.