SEHEMU YA 11: Vinanda vya zamani vya baba watoto, na kile kibetri cha ndani

Tangu niweke ile video ya kuogesha kichanga, nusu ya komenti haziulizi kuhusu kitovu wala joto la maji. Mnauliza ule mlio kama kengele unaosikika nyuma ni wa nini. Ni baba watoto huyo, chumba cha pili, na kinanda chake. Leo naeleza, maana ndani ya vinanda hivyo kuna jambo la hospitali ambalo nataka kila nyumba ilijue.

Ana vitatu, vyote vya umeme, vyote vya zamani. Hapendi niviite vinanda, anataka niseme sintesaiza. Haya. Piano ina nyuzi, gitaa lina nyuzi, ngoma ina ngozi. Sintesaiza ndani haina kitu kinachotetemeka, inazalisha mawimbi ya umeme, na mpigaji anayachonga: anapunguza ukali, anaamua sauti ipande ghafla au polepole, ikatike au ivutike. Mimi nilimwelewa kwa mfano wa kazini. Ile Doppler tunayowawekea tumboni kliniki, mlio wake wa shwa-shwa mnaorekodi na kumtumia bibi, sio moyo wenyewe mnaousikia. Mashine inatuma mawimbi ambayo sikio haliyapati, yanarudi yamebadilika, na tofauti yake ndiyo inageuzwa kuwa sauti.

Huko Marekani mtu aitwaye Robert Moog alianza kutengeneza mashine hizi mwaka 1964, zikiwa makabati yaliyojaa waya. Mpaka leo wapo watu Ulaya na Marekani wanaojaza ukuta mzima kwa visanduku vidogo vidogo vya kuunganisha kwa waya, wanaviita modula. Baba watoto anaangalia video zao usiku kama mimi ninavyoangalia za mapishi. Bei zake sitaki hata kuziandika hapa.

Kwetu mkoa huu wa Tanga sintesaiza tumezijua kwa kwaya na kwa taarab. Mjini Tanga, Black Star na Lucky Star walishaingiza magitaa ya umeme kwenye taarab miaka ya 1960 na 1970. Miaka ya 1990 taarab ya kisasa, akina East African Melody, ikakipa kinanda kazi iliyokuwa ya vinubi na fidla nzima nzima. Kisha vijana wa Dar wakaja na singeli, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Moyo wa mtoto tumboni kwa kawaida ni 110 hadi 160, kwa hiyo msiniulize kwa nini singeli inanichosha.

Kinanda anachokipenda kuliko vyote ni Yamaha DX7, toleo lililotoka mwaka 1983. Alikinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa mpiga taarab Tanga mjini, kikapanda mlima kutoka Mombo juu ya basi, kimefungwa blanketi. Hicho ndicho chenye sauti ya kengele. Hapa Lushoto tuko karibu mita 1,400 juu, ukungu unaingia hadi kabatini, kwa hiyo kila kimoja kinafunikwa kanga. Ndiyo, kanga zangu.

Majirani wanasema ananichezea hela ya ada. Mimi sisemi hivyo. Hanywi, jioni yupo nyumbani, na mtoto wetu wa miaka minne anajua kuhesabu kwa vitufe. Yupo mwanamuziki wa Ethiopia, Hailu Mergia, aliyehamia Washington akawa dereva teksi. Kinanda alikuwa anakiweka kwenye buti, akisubiri abiria anafanya mazoezi. Kanda aliyoitoa mwaka 1985 ikatolewa upya mwaka 2013, akarudi jukwaani. Baba watoto akinisimulia habari hiyo, mimi najua anaombea nini.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. DX7 inatunza sauti 32 ndani yake. Ukizima umeme zinabaki, kwa sababu kwenye bodi kuna betri ya duara, bapa, kama sarafu, imeandikwa CR2032. Sintesaiza nyingi za miaka ya 1980 zinayo. Ikichoka, sauti zinapotea au zinavurugika. Kwa hiyo mwenye navyo lazima siku moja afungue, abadilishe. Anahamishia sauti kwenye laptop kwanza, anachukua bisibisi, anaitoa ya zamani, anaiweka mezani. Hapo mezani ndipo roho yangu inaruka.

Niliwahi kuwa zamu alipoletwa mtoto anayetoa udenda, hataki kula, anakohoa. Sitasema wa wapi. Mama alidhani kameza sarafu, na mtu akamwambia itatoka na choo, asubiri. Eksirei ikaonyesha duara lenye ukingo wa mistari miwili. Sarafu haiwi hivyo, ile ni betri. Alipelekwa hospitali kubwa ikatolewa, akapona, ila alikula vyakula laini kwa muda mrefu na kila tonge lilikuwa kilio.

Watu wanadhani ubaya ni maji ya betri kuvuja. Hapana. Ikikwama kwenye umio inakutana na majimaji ya mwili, umeme unapita, na upande mmoja unatengeneza kemikali kali kama magadi ya kutengenezea sabuni. Ndani ya saa mbili nyama inakuwa imeungua. CR2032 ina upana wa milimita 20, kwenye koo la mtoto mdogo inakaa kabisa. Na sikieni hili vizuri: betri ambayo kinanda kimeikataa kwa kuchoka bado ina umeme wa kutosha kumuunguza mtoto.

Ukiona au ukihisi kameza, nenda hospitali yenye eksirei saa hiyohiyo, hata kama anacheza vizuri. Usimtapishe. Usimpe ugali wala ndizi "kuisukuma". Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, mwisho mara sita, mkiwa njiani. Asali inapunguza kuungua tu, haitoi betri, kwa hiyo usisimame kuitafuta. Kama nyumbani ipo, beba. Kwa anayetoka Mtae au Mlalo kwa bodaboda wakati wa mvua, vijiko hivyo vina maana kubwa. Chini ya mwaka mmoja usimpe asali kabisa. Akiiingiza puani au sikioni pia ni dharura, na usimwekee matone yoyote.

Nyumba nyingi hazina sintesaiza, najua. Lakini betri hiyohiyo ipo kwenye rimoti ya gari, kwenye mizani ya jikoni, na ndogo zake zipo kwenye kadi zinazoimba na midoli ya taa. Kagueni kama kifuniko kina skrubu. Kama kinafunguka kwa ukucha, zungushia selotepu.

Kwetu tumekubaliana hivi: kinanda kinafunguliwa watoto wakiwa hawapo, betri ya zamani inabandikwa selotepu pande zote mbili kabla haijagusa meza, inaingia kwenye kopo juu ya kabati, na mimi naiona kwa macho. Mwanzoni alinicheka. Nikamwonyesha picha za umio lililoungua kutoka kwenye somo letu kazini, akanyamaza, akaenda kutafuta kopo.

Bado kinanda cha tatu hakijafunguliwa. Jumamosi watoto wanaenda kwa bibi yao Soni, atakifungua siku hiyo. Sehemu ya 12 ni spika za kwaya na masikio ya vichanga. Maswali andikeni chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku.